UZI: Michel Gondry na hesabu iliyojificha ndani ya ndoto zake

#1
Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu. Aliye na haraka auweke kiporo, arudi akitulia.

Kwa miaka mingi nimesikia Michel Gondry, mwongozaji wa Kifaransa wa video za nyimbo na sinema, akisifiwa kwa neno moja: ndoto. Video zake ndoto, sinema zake ndoto, mwenyewe anaishi ndotoni. Mimi ni mtu wa editi, yaani kuhariri video. Kazi zake nimezirudia mara nyingi, nyingine fremu kwa fremu, picha moja moja, na nimefika mahali nataka kulipinga hilo neno. Ndoto haina mpangilio. Ukiota, nyumba inageuka soko, soko linageuka bahari, na hakuna anayeuliza kwa nini. Gondry hafanyi hivyo. Kila kazi yake iliyosimama vizuri ina sharti moja tu, na sharti hilo halivunjwi tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Maajabu tunayoyaona yanatoka kwenye ukali wa hilo sharti. Na pale alipoliachia, kazi iliyumba hata kama macho yalishiba.

Naanza na video ya wimbo Star Guitar wa kundi la The Chemical Brothers, ya mwaka 2002, maana ndiyo iliyonifungua macho.

Unachoona ni dirisha la treni. Basi. Hakuna msanii, hakuna mchezaji, hakuna kisa. Nje zinapita nguzo, maghala, matangi, madaraja, mabehewa, nyumba za pembeni mwa reli. Dakika ya kwanza unaweza kudhani jamaa aliweka kamera dirishani akalala. Halafu kitu kinakugusa. Ile nguzo imepita sawasawa na pigo la ngoma. Inayofuata nayo. Sauti mpya inapoingia kwenye wimbo, jengo jipya linaingia kwenye picha, na kila sauti hiyo inaporudi, jengo lilelile linarudi. Sauti ikinyamaza, jengo linapotea. Kuanzia hapo huwezi tena kuitazama kama mandhari. Unausoma wimbo kwa macho.

Picha zenyewe alizipiga Ufaransa, safari ileile kati ya Nîmes na Valence, mara 10, kwa nyakati tofauti za siku ili apate mianga tofauti. Kabla ya kugusa kompyuta aliuchora wimbo kwenye karatasi ya miraba, kisha akaupanga mezani kwa vitu vya kawaida: machungwa, uma, kanda, vitabu, glasi, hata raba. Kila kitu kikiwakilisha sauti yake. Nilipolijua hilo nilikaa kimya muda mrefu. Kile nilichodhani ni hisia tupu kilikuwa kimepangwa kama mtu anavyopanga matofali.

Chanzo chake nadhani nakiona. Gondry alizaliwa Versailles mwaka 1963. Babu yake, Constant Martin, ndiye aliyebuni Clavioline mwaka 1947, kinanda cha umeme kilichotangulia sintesaiza tunazozijua leo. Na yeye mwenyewe, kabla ya kuwa mwongozaji, alikuwa mpiga ngoma wa bendi iitwayo Oui Oui. Mpiga ngoma, wakuu. Si mwimbaji, si mpiga gitaa. Mpiga ngoma anahesabu usiku kucha. Wengine wakipaa, yeye ndiye anayejua wako pigo la ngapi. Kwa kuwa alijua kuchora, video za bendi yao alizitengeneza mwenyewe, akichora na kusogeza vitu kidogo kidogo mbele ya kamera. Mwimbaji Björk akaziona, akamwita, na mwaka 1993 wakatoa video ya Human Behaviour, ile ya msitu, mwindaji na dubu, ambamo Björk anaishia kuimba akiwa tumboni mwa dubu. Dubu mwenyewe anaonekana wazi kuwa ni mdoli mkubwa. Hakuna aliyejaribu kutudanganya kuwa ni dubu wa kweli, na bado unamwogopa.

Nitaendelea kwenye majibu. Mwenye swali au ubishi alete.

#2
Sikio Kali

Mkuu, nimekusoma. Mimi ni mtu wa muziki zaidi kuliko picha. Video yake ya Around the World, wimbo wa kundi la Daft Punk, nimeiona labda mara 50 na siku zote nilidhani wamechukua mavazi yoyote waliyoyakuta stoo wakaambiwa wazunguke. Nayo ina hilo sharti lako, au ni sherehe tu?

#3
Mleta uzi

Hiyo ndiyo yenye sharti kali kuliko zote, mkuu. Na kwa kuwa una sikio, utaifurahia zaidi yangu.

Jukwaa lile la mviringo chukulia kama sahani ya santuri. Juu yake kuna makundi matano, na kila kundi ni chombo kimoja cha wimbo. Wale wanamichezo warefu wenye vichwa vidogo ni besi: besi ikipanda wanapanda ngazi, ikishuka wanashuka, noti kwa noti. Mifupa ni gitaa. Mumia, wale waliozungushiwa vitambaa mwili mzima, ni mashine ya ngoma. Mabinti waliovaa kama waogeleaji ni kinanda cha juu. Maroboti ndio ile sauti inayoimba, na kwa kuwa inaimba maneno yaleyale tangu mwanzo hadi mwisho, nao wanazunguka tu, wanazunguka. Miondoko aliipanga Blanca Li.

Fanya jaribio hili: chagua kundi moja, litazame hilo tu wimbo mzima. Chukua besi. Utagundua unaisikia besi kwa namna ambayo hukuwahi kuisikia, kwa sababu jicho limelishika sikio mkono. Rudia na mifupa. Huo ndio uzuri wa kazi hii: imetengenezwa mwaka 1997, wimbo una mstari mmoja wa maneno, na bado unaweza kuitazama mara tano ukaona video tano.

The Hardest Button to Button ya bendi ya The White Stripes, 2003, ni undugu huohuo. Meg White, mpiga ngoma wao, akipiga pigo moja, seti nzima ya ngoma inazaliwa mbele yake. Pigo jingine, seti nyingine. Walitumia seti 32 zinazofanana, zikapangwa barabarani na kituoni New York, zinatokea na kutoweka kufuata mapigo. Wengine tungenakili seti moja kwenye kompyuta tukaenda kulala. Yeye alitafuta ngoma 32 za kweli, na ndiyo maana kivuli cha kila moja kinaangukia pale kinapotakiwa.

#4
Mtazamaji

Mleta uzi, naheshimu utafiti wako, ila naomba nipinge waziwazi.

Ulichokieleza mpaka sasa ni mazingaombwe. Na mazingaombwe yana ugonjwa mmoja: ukishaijua siri, umemaliza. Sharti, miraba, hesabu, sawa. Lakini mimi nikiangalia picha nataka kuguswa. Nimeangalia ile video ya mwimbaji Kylie Minogue, wanaongezeka akina Kylie kila akizunguka, nikasema safi sana, nikafunga. Sikuwahi kuirudia. Moyo uko wapi hapo? Mtu anaweza kuwa fundi hodari kabisa wa saa na asiwe na la kukuambia kuhusu muda.

#5
Mleta uzi

Huo mfano wa saa ni mzuri na siukwepi. Ngoja nijibu kwa video mbili.

Come into My World ya mwaka 2002, uliyoitaja. Kylie anatembea kwenye njia panda, kona ya Paris ya kawaida kabisa, anafanya mzunguko, na akirudi mwanzo anamkuta mwenziwe anaanza. Mzunguko wa tatu wako watatu. Lakini umemtazama Kylie tu, mkuu. Watazame watu wa nyuma. Nao wanaongezeka. Waliokuwa wakigombana wanakuwa jozi mbili za wagomvi, kisha tatu, na mtaa uliokuwa shwari unajaa mpaka hauna pa kukanyaga. Hapo mimi naona kitu kinachofanana na maisha: asubuhi zinazorudi, na kila moja inajipanga juu ya iliyopita bila kuifuta. Pengine naona yangu. Lakini wimbo unasema njoo kwenye dunia yangu, na dunia anayokuonyesha ni ya mtu aliyejaa nafsi zake mwenyewe. Sharti na maana vimekutana.

Ya pili ni Sugar Water ya kundi la Cibo Matto, 1996. Skrini imegawanywa katikati. Kushoto mwanamke mmoja anaianza siku yake. Kulia mwanamke mwingine, lakini picha inakwenda kinyumenyume. Katikati ya wimbo pande mbili zinagongana, wanabadilishana nafasi, na aliyekuwa akienda mbele sasa anarudi nyuma. Ni filamu ya mgeuko, kama neno linalosomeka sawa kutoka pande zote mbili. Siri yake unaijua baada ya kuiona mara moja. Mimi siri nimeijua miaka mingi na bado pale katikati, wanapokutana, mwili unanisisimka. Kwa hiyo si kweli kwamba siri ikijulikana kazi inakufa. Inakufa kazi iliyokuwa haina kitu zaidi ya siri.

Gondry ana upendo wa kipekee na kurudi nyuma, kwa njia. Mwaka 2007 alitoa video fupi akipanga mchemraba wa Rubik, kile kichezeo cha kupanga rangi, kwa vidole vya miguu. Watu wakaumiza vichwa, kumbe aliuvuruga kwa miguu kisha akaicheza filamu kinyumenyume.

Ila ukitaka moyo hasa, twende kwenye Eternal Sunshine of the Spotless Mind. Hiyo nitaiandikia peke yake.

#6
Mleta uzi

Kwa ambao hawajaiona: ni ya mwaka 2004, wanaigiza Jim Carrey na Kate Winslet. Joel (Carrey) anagundua kuwa mpenzi wake Clementine (Winslet) amekwenda kwenye kampuni inayofuta kumbukumbu na kumfuta kabisa kichwani. Kwa hasira naye anakwenda kumfuta. Usiku wa kufutwa, akiwa amelala, anapita kwenye kumbukumbu zao moja baada ya nyingine zikizimwa, na katikati ya zoezi anagundua hataki tena. Sehemu kubwa ya sinema ni mtu anayekimbia ndani ya kichwa chake mwenyewe, amemshika mkono mtu ambaye hayupo, akitafuta pa kumficha.

Sharti la sinema hii ni hili: kufutwa kunatokea mbele ya macho yako, ndani ya shoti (kipande kimoja kilichopigwa bila kukata), kadiri inavyowezekana. Nitatoa mifano mitatu.

Kwenye duka la vitabu, Joel na Clementine wanaongea. Nyuma yao vitabu vinapoteza majina. Migongo ya vitabu inakuwa myeupe, rafu kwa rafu, na taa zinazimika. Hakuna muziki wa kukustua, hakuna anayekuonyesha kwa kidole. Mara ya kwanza niliiangalia sikuona. Nilihisi tu baridi. Mara ya pili ndipo nikaona. Kumbukumbu ndivyo inavyoondoka, wakuu. Uso wa mtu unabaki, lakini kile kilichokuwa nyuma yake siku ile, rangi ya ukuta, jina la kitabu, vinatangulia kwenda.

Ya pili ni ofisini kwa daktari. Joel anaingia kwenye kumbukumbu na kujikuta yeye mwenyewe ameketi pale. Joel wawili wako chumba kimoja. Kompyuta ingefanya hilo kwa siku moja. Gondry alimwambia Carrey akimbie. Kamera ikigeuka, Carrey anapita nyuma yake mbio, anabadilisha koti na kofia, anakaa upande wa pili kabla lensi haijamfikia. Ndiyo maana Joel yule ana pumzi ya kweli ya mtu aliyechanganyikiwa. Amechanganyikiwa kweli, ametoka mbio.

Ya tatu ni jikoni, Joel akiwa mtoto chini ya meza. Jiko lile limejengwa kwa vipimo vya uongo. Upande mmoja vitu ni vikubwa kupita kiasi na muigizaji yuko mbali na kamera. Upande mwingine vya kawaida na muigizaji yuko karibu. Kutoka pale kamera ilipo, mtu mzima anakuwa na kimo cha mtoto. Ni ujanja wa zamani sana, ungeweza kufanywa kabla sinema hazijapata sauti.

Ellen Kuras alipiga picha kwa kamera za mkononi na mwanga unaoonekana kuwa wa nyumbani tu, si wa studio. Huo ni uamuzi mkubwa kuliko ujanja wote. Vitu visivyowezekana vimepigwa kama video ya familia. Hata wale tembo wanaopita barabarani usiku hawakuwa kwenye mpango. Walisikia sarakasi inapitisha tembo wake mjini New York, wakachukua kamera na waigizaji wakaenda.

Mtazamaji, umeuliza moyo uko wapi. Uko pale kwenye vitabu vyeupe.

#7
Msomi wa Skripti

Nimekuwa nasoma kimya ila hapa siwezi kupita.

Ndugu zangu, Eternal Sunshine ni ya mwandishi wake, Charlie Kaufman. Huyu ndiye aliyeandika Being John Malkovich ya mwaka 1999, iliyoongozwa na Spike Jonze. Mtu kuingia kichwani mwa mtu, kupotea humo, kukuta nafsi yake imejaa kila mahali, hayo ni ya Kaufman tangu zamani. Tuzo ya Oscar iliyopata sinema hii ilikuwa ya skripti. Mleta uzi unampa mwongozaji sifa za mwandishi.

#8
Mleta uzi

Nusu ya hoja yako naikubali bila kinyongo. Bila Kaufman hakuna sinema. Lakini Oscar ile, iliyotolewa 2005, ilikwenda kwa watu watatu: Kaufman, Gondry, na msanii wa Kifaransa Pierre Bismuth. Bismuth ndiye aliyeleta mbegu, wazo la mtu kupokea kadi ya kumwambia kuwa fulani amemfuta kwenye kumbukumbu zake. Akampelekea rafiki yake Gondry, Gondry akampelekea Kaufman. Sinema ilianza kama kadi.

Na kuna ushahidi mwingine upande wako na wangu kwa pamoja. Kaufman na Gondry walishafanya sinema moja kabla, Human Nature, 2001. Mwandishi yuleyule, mwongozaji yuleyule. Haikushika. Nimeiangalia mara mbili nikijitahidi kuipenda. Ina mawazo mengi kuhusu ustaarabu na unyama, ina vichekesho, lakini mawazo yako kinywani mwa wahusika na picha zinafuata nyuma tu. Kwenye Eternal Sunshine skripti ilitoa nafasi ambayo Gondry alikuwa akiifanyia mazoezi kwenye video za nyimbo tangu miaka ya 1980: kitu kimoja kinabadilika ndani ya shoti bila kukata, na mabadiliko hayo ndiyo kisa. Bachelorette ya Björk, 1997, ina karibu kila kitu. Mwanamke anaokota kitabu kinachojiandika chenyewe, kisa chake kinageuzwa mchezo wa jukwaani, ndani ya jukwaa linatokea jukwaa dogo lenye mchezo uleule, ndani yake tena jingine dogo zaidi, na mwisho maneno yanafutika na majani yanameza kila kitu. Kuingia ndani ya kumbukumbu mpaka ikuvunjikie mikononi. Alishaifanya miaka saba kabla.

#9
Sikio Kali

Nimefanya lile jaribio la besi. Mkuu, ule mstari wa besi nimeupiga mwenyewe kwa miaka na sikuwahi kuona kuwa una ngazi. Nashukuru.

#10
Dada wa Kadibodi

Nami nichangie, maana naona mnakimbilia zile zinazopendwa na wote. Sinema yangu ni The Science of Sleep, 2006, na nadhani inaipa shida hoja ya mleta uzi.

Stéphane, anayechezwa na Gael García Bernal, anahamia Paris kwa mama yake, anapata kazi ya kuchosha kwenye kampuni ya kalenda, anampenda jirani yake Stéphanie, Charlotte Gainsbourg. Anashindwa kutenganisha ndoto na kuamka. Kichwani mwake ana studio ya televisheni iliyojengwa kwa kadibodi na trei za mayai. Maji yanayotoka bombani ni karatasi laini za plastiki zinazong'aa. Kuna farasi wa kitambaa anayekimbia, kuna mashine ya muda inayokurudisha nyuma sekunde moja tu. Mikono yake inavimba inakuwa mikubwa kama magodoro. Hakuna sharti hapo. Kila kitu kinaweza kutokea. Na ndiyo sinema yake iliyonigusa kuliko zote, kwa sababu ni ya mtu anayejua kutengeneza vitu vidogo vya ajabu na hajui kumwambia mtu anampenda.

#11
Mleta uzi

Dada, umenibana vizuri. Niliandika kwamba kila kazi yake nzuri ina sharti moja, na nilipofika kwenye hii nilitaka kuipita kimyakimya.

Nikijibu kwa dhati: sharti lipo, ila haliko kwenye kisa. Liko kwenye malighafi. Ndani ya ndoto za Stéphane kila kitu lazima kiwe kitu ambacho mikono ingeweza kukitengeneza mezani: kadibodi, sufi, kitambaa, plastiki. Bahari ni plastiki, mawingu ni pamba, mji ni maboksi. Kwa hiyo hata Stéphane anapoota makubwa kiasi gani, anaota kwa vipande vya chumbani kwake. Na hilo ndilo jeraha la kisa chenyewe. Stéphanie naye anatengeneza vitu kwa mikono. Wangeweza kuelewana kwa njia hiyo tu, na Stéphane anapoacha mikono na kuanza kuongea ndipo anapoharibu. Mikono mikubwa uliyoitaja iliwahi kutokea kwenye video yake ya Everlong, wimbo wa bendi ya Foo Fighters, 1997. Inatoka kwenye ndoto za Gondry mwenyewe za utotoni. Nadhani hakuna sinema yake iliyo karibu naye kuliko hii.

Lakini sharti la malighafi ni legelege kuliko lile la wimbo, na hatari yake inaonekana kwenye Mood Indigo ya mwaka 2013, kutoka riwaya ya Boris Vian ya 1947. Pale kuna kinanda kinachochanganya vinywaji kadiri unavyokipiga, vyakula vinavyotembea, miguu inayorefuka watu wakicheza dansi. Nusu saa ya kwanza kila sekunde ina uvumbuzi, na macho yanachoka. Kila kitu kikiwa ajabu, hakuna ajabu. Ila angalia kinachotokea baadaye. Chloé, Audrey Tautou, anaota yungiyungi pafuni, na kuanzia hapo linaingia sharti: nyumba inasinyaa, madirisha yanachafuka, rangi zinafifia mpaka tunabaki kwenye nyeusi na nyeupe. Hapo sinema inapata uti wa mgongo na inauma kweli. Laiti ingeanza mapema. Toleo la nje ya Ufaransa lilifupishwa sana, na mimi, ambaye kwa kawaida napinga kukatwa kwa kazi za watu, nalipendelea hilo.

The Green Hornet ya 2011 sina mengi. Pesa nyingi, magari mengi, dakika chache za Gondry ndani yake.

Be Kind Rewind, 2008, ndiyo ningependa watu wairudie. Duka la kukodisha kanda za VHS mjini Passaic, New Jersey. Jack Black anapata sumaku mwilini, anafuta kanda zote, basi yeye na Mos Def wanaanza kuzipiga upya sinema maarufu kwa kamera moja na maboksi, na wateja wanazipenda kuliko zile za mwanzo. Watu wa mji wanaingia kuigiza. Mwisho wanatengeneza filamu yao wenyewe kuhusu mpiga kinanda Fats Waller na kuionyesha kwenye shuka. Wengi waliichukulia kama kichekesho chepesi. Mimi naona ndiyo imani yake yote. Na aliifanyia kazi: alianzisha karakana iliyozunguka miji mbalimbali, pamoja na kituo cha sanaa cha Centre Pompidou, Paris, mwaka 2011, ambapo kundi la watu wasiojuana linaingia, linabuni, linapiga na kumaliza filamu yao ndani ya saa tatu. Seti zipo tayari, hakuna mtaalamu anayewaongoza. Wakimaliza wanaitazama pamoja.

#12
Fundi Mdogo

Mkuu mimi najifunza editi. Hizi mbinu zinafanyika kwa mtu mwenye simu na kompyuta ya kawaida? Na ulianzaje wewe?

#13
Mleta uzi

Zinafanyika, na nitakueleza na nilipokosea.

Karatasi ya miraba kwanza. Mistari ya kulala ni vyombo, ngoma, besi, sauti, kinanda. Mraba mmoja ni pigo moja. Sikiliza wimbo ukijaza. Usiguse kamera mpaka ukurasa umejaa. Hii inachosha na ndiyo sababu wengi wanairuka.

Halafu hesabu ya fremu. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, ukipiga picha kwa fremu 24 kwa sekunde, kila pigo ni fremu 12 kamili. Kwa fremu 30 ni 15. Lakini kwa fremu 25 ni 12 na nusu, na hakuna nusu fremu, kwa hiyo picha itaanza kuteleza na utajiuliza kwa nini haikai. Kwa fremu 25 wimbo wa mapigo 125 ndio unaokaa kwenye 12. Hilo lilinigharimu siku mbili kabla sijalijua.

Kuhusu kumzidisha mtu kama kwenye Come into My World: pale kamera inazunguka, kwa hiyo walitumia mtambo unaorudia mwendo uleule kwa usahihi kila mara. Huna mtambo huo, basi kamera isisogee kabisa. Ifunge kwenye stendi, weka alama sakafuni mtu anapokanyaga, funga mwanga na fokasi zisijirekebishe zenyewe, piga mara tatu, kisha unganisha kwa kukata maeneo. Kosa langu lilikuwa kupiga nje. Kati ya mara ya kwanza na ya tatu jua lilishasogea, na watu wangu watatu walikuwa na vivuli vinavyoelekea kila mmoja kwake. Nilijaribu kurekebisha kwa kompyuta usiku kucha, haikusaidia. Anzia ndani, taa moja, mapazia yamefungwa.

Na usianze na maajabu matatu. Chagua moja, ulifanye mpaka mwisho wa wimbo, hata likikuchosha katikati. Hasa likikuchosha katikati. Fell in Love with a Girl ya The White Stripes, 2002, ni matofali ya Lego tu, vile vichezeo vya kuunganisha, fremu baada ya fremu, chini ya dakika mbili. Hakuna dakika wanayopumzika na kuonyesha kitu kingine.

#14
Msomi wa Skripti

Bado nasimama na Kaufman, ila ile ya Carrey kukimbia nyuma ya kamera sikuijua. Nimeirudia. Anahema kweli.

#15
Mtazamaji

Nimerudi, mleta uzi.

Jana usiku niliiweka Sugar Water. Mara ya kwanza niliiangalia kama kawaida, nikaona siri, nikataka kufunga. Nikakumbuka jaribio ulilompa mwenzetu kwenye Daft Punk. Nikachukua daftari nikaziba nusu ya kulia ya skrini, nikaangalia kushoto peke yake hadi mwisho. Nikarudisha mwanzo, nikaziba kushoto, nikaangalia kulia.

Ni filamu ileile. Sikuwa nimeelewa. Nilidhani ni filamu mbili zilizopangwa zifanane. Ni moja, inakwenda na kurudi, inapishana na nafsi yake katikati.

Mara ya nne nimeiangalia bila daftari. Nimeona nitaiangalia tena.